Wembe wa Msalato

Jumamosi, mnadani Msalato,
nyuma ya zizi la mbuzi na moshi wa nyama,
Chilongani ametandika turubai la bluu,
na juu yake vyuma ambavyo wenyewe wamekwisha kuzikwa:
kufuli bila funguo, pasi ya mkaa,
miwani ya mtu asiyeona tena kitu,
na nyembe tatu za kukunja, zimelala
kama panzi waliofunga mabawa.

Nina elfu kumi na tano ndani ya soksi.
Madeje, mwenye saluni kule Majengo, kaniambia:
"Mashine yangu, umeme wangu.
Wembe njoo na wako.
Na usiniletee urembo."

"Wa mumeo?" anauliza Chilongani.
Wangu.
Anacheka mpaka wauza vitunguu wanageuka.
"Na ndevu zako ziko wapi, dada?"
Ziko mjini, namjibu, kwenye nyuso za watu.

Wa kwanza unameta. Mpya, elfu saba,
mpini wa plastiki mwekundu kama pipi.
Naugonga kwa ukucha: ta,
sauti ya kijiko cha bati.
Chuma laini hicho; ukikinoa asubuhi
adhuhuri kimekwisha sahau.

Wa pili una mpini wa pembe, ua limechorwa kwenye bapa.
Elfu ishirini na tano. "Mwisho ishirini na mbili."
Nauinua juani. Mzuri, Mungu wangu, mzuri.
Lakini makali yana pengo, dogo kama punje ya uwele,
na pengo dogo ndilo huandika
shavuni mwa mtu barua isiyofutika.

Wa tatu mweusi, umechoka,
kutu iko mgongoni, haijafika kwenye makali.
Kwenye mpini mtu alikwangua herufi: N.M.
Naulaza juu ya kioo cha simu
nione kama umepinda. Umelala sawa,
kama mtu aliyemaliza madeni.
Naugonga. Unaimba, kidogo, kwa mbali,
kama waya wa umeme katika upepo wa Julai.

Natoa mfukoni zabibu moja ya Hombolo,
naipitishia makali: ngozi inachanika ovyo,
maji yananitiririka mpaka kiwikoni.
Butu, nasema.
"Butu si ugonjwa," anasema Chilongani. "Ni usingizi."
Ndiyo kweli pekee aliyoisema siku ile.

Kumi na mbili. Saba. Kumi. Nane.
Tisa.
Maana wembe haunyoi peke yake:
elfu nne za kinoo, sabuni, brashi,
na mkanda wa kuupigia nitaukata ule wa baba,
wa sare ya reli,
ambao hauna tena kiuno cha kushika.

Wiki tatu, Chang'ombe, usiku,
kinoo juu ya stuli, maji kwenye kopo,
makali mbele, geuza kwa mgongo, makali mbele.
Mdogo wangu Mlugu anapuliza maputo,
nayapaka povu, nayanyoa.
Pa! Pa! Jirani anauliza tunaoza nani.
Puto la kumi na moja likabaki zima.
Tukalitazama bila kusema neno.

Kinyozi hajinyoi, wanasema.
Nilijinyoa mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo,
nikatoka uani, upepo ukanipita pale
kana kwamba hatujawahi kuonana.

Jumanne mteja anakaa, anafumba macho.
Naondoa taulo la moto usoni pake: Chilongani.
Hanitazami mimi. Anautazama wembe.
"Huo nilikutupia tu."
Usiongee, povu litaingia mdomoni.
Nauvuta kutoka sikioni, unashuka
na ile sauti kavu ya shamba la mtama likiguswa,
mpaka chini ya kidevu, pale koo linapohema.

"Kunyoa shilingi ngapi?"
Elfu mbili.
"Punguza, dada. Sisi si tunajuana?"

Nauacha mkono utulie hapo hapo.

Taja yako, namwambia.
Polepole.